Rupia za Mjerumani na Makaburi ya Bibi Zetu

Naanza kwa kukiri, maana najua nitaulizwa: na wewe ulikuwa wapi? Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshika tochi.

Kijiji ni kimoja cha juu ya Matombo, sikitaji jina kwa kuwa nina ndugu huko na nitarudi. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, mvua za vuli bado hazijafika. Walikuja watu watatu kutoka mjini Morogoro kwa pikipiki mbili, na begi refu ambalo hawakutaka mtoto aliguse. Ndani yake mlikuwa na ile mashine: fimbo, sahani ya duara chini, kisanduku chenye taa juu, na vile vidude vya kuvaa masikioni. Wenyewe wanaiita detekta. Mjomba wangu, ambaye kwa desturi yetu Waluguru ndiye mwenye sauti juu ya ardhi ya ukoo wa mama, alikuwa amekwisha kupatana nao: kitakachopatikana, nusu kwa nusu. Mimi ni mpwa, na mpwa haulizi. Nikapewa tochi.

Mashine ililia mara kumi na saba usiku ule. Nilihesabu kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Misumari. Vizibo vya soda. Mpini wa sufuria. Kipande cha bati la nyumba iliyobomoka zamani. Maganda mawili ya risasi yaliyoota ukijani. Kisha, majogoo ya kwanza yanawika, ikalia pale chini ya mwembe, alipolala mama yake bibi yangu. Mjomba akasita. Mmoja wa wale wageni akamwambia, "Mzee, Mjerumani alikuwa mjanja bwana. Alizika mali karibu na makaburi ili nyie mwogope." Wakachimba.

Walipata jembe lililolika hadi likabaki kama upawa, na hela moja ya tundu.

Basi, ndugu msomaji, ninapokaa kijiweni na kijana mwenzangu akaniambia kwamba kusaka rupia ni mchezo tu, ni starehe kama kuvua samaki, na kwamba tunaopinga tuna wivu wa ngawira, mimi nashindwa kucheka. Na ninapoona dili hili linaenea, kila aliyekopa nauli anatafuta mashine ya kukodi, naona bora niseme hapa penye wasomaji wachache kuliko ninyamaze.

Tuulizane polepole. Hiyo mali ni ipi, na ilizikwa lini? Hadithi inayosimuliwa kuanzia Msamvu hadi Kisaki ni moja: Mjerumani alipokimbia vita aliacha masanduku ya dhahabu milimani. Kwamba alikimbia, ni kweli. Majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, na Lettow-Vorbeck alikuwa amekwisha ondoka, akielekea kusini upande wa Kisaki, ambako walipigana mwanzoni mwa Septemba. Lakini walibeba nini? Au niseme vizuri: walibebeshwa nini wale waliobeba? Chakula, risasi, dawa, vyuma vya mizinga. Na waliobeba ni watu wetu, vichwani, kwenye vijia ambavyo leo hata mbuzi anachagua pa kukanyaga. Kwa Mwingereza ilikuwa vivyo hivyo. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam limetokana na kikosi chake cha wapagazi. Walikufa makumi kwa maelfu, kwa njaa na homa na kuhara kuliko kwa risasi, na wengi hawana hata jiwe juu yao. Kama kuna kitu kimezikwa kando ya njia hizi za Uluguru, ni hao.

Na fedha je? Hapa ndipo wasakaji wanaponichekesha. Vita ilipoanza mwaka 1914, njia za bahari zilizibwa na sarafu kutoka Ujerumani zikakatika. Serikali ikaanza kulipa watu kwa noti za karatasi zilizochapwa hapa hapa, na kufikia 1917, huko porini, ilikuwa inagonga noti za rupia moja kwa herufi za mpira. Dhahabu ilikuwepo, sikatai. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ilifua sarafu za dhahabu za rupia 15, zile za tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Zilikuwa 16,198 basi, na zilifuliwa Tabora, siyo Mkuyuni wala Kinole. Wiki tatu na ushei baada ya Morogoro kuanguka, Tabora nayo ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji. Sasa nambie: serikali iliyofikia kugonga fedha kwa herufi za mpira kama mtoto wa shule, masanduku ya dhahabu ya kuja kuzika kwenye shamba la mihogo la mjomba wangu ilikuwa nayo wapi?

Lakini hoja kama hizi haziingii kwa mtu aliyekwisha kula mkopo wa mashine. Atakuambia rupia ya kweli inavuta mchele: eti ukiiweka karibu na punje, punje zinaifuata. Atakuambia kuna tajiri, hatajwi jina, yuko Dar, anainunua kwa mamilioni. Huyo tajiri nimemsikia tangu nikiwa darasa la tatu na sijapata kumwona mtu aliyeshikana naye mkono. Wanaolipwa kweli katika biashara hii ni wawili tu, mwenye mashine na mganga wa kuonyesha mahali. Wengine wote ni wa kushika tochi.

Nikumbushe kitu kimoja kilichopo mlangoni petu, maana Morogoro tuna bahati mbaya ya kutotazama vyetu. Pale SUA, chini ya mlima huu huu, tangu mwaka 2000 shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu na Waingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Panya anaishinda mashine kwa sababu moja nyepesi: mashine hulia kwa kila chuma, msumari na bomu kwake ni sawa, wakati panya hunusa baruti tu na vyuma vingine anavipita kama havipo. Mimi nilishika tochi juu ya mashimo kumi na saba. Panya buku asingesimama hata kwa moja.

Sasa wapo wanaonijibu kwa hoja nzito zaidi, na hao nawaheshimu. Wanasema: hata kama ni hela moja, ni yetu. Mjerumani alitunyonya, tunachukua chetu. Sawa kabisa! Ni yetu. Neno lenyewe hela limetokana na sarafu yake, na kuanzia 1904 hela 100 zilifanya rupia moja. Sarafu zile hazikuingia milimani kwa zawadi. Kodi ya kibanda ilianza mwaka 1898, na ili uipate rupia ya kodi ilibidi ukauze jasho lako, shambani kwa mzungu au kwenye reli ambayo ilifika Morogoro mwaka 1907. Kwa hiyo kila hela iliyolala kwenye ardhi ya Uluguru ni safari ya mtu aliyeshuka mlima na kurudi. Lakini safari hiyo inasomeka pale pale ilipolala tu: ndani ya nyumba ya nani, pamoja na kitu gani, kwenye tabaka gani la udongo. Ukiing'oa usiku na kuitia mfukoni, umeua ushahidi na kubaki na kipande cha chuma. Unasema unachukua chako, kumbe unamsaidia Mjerumani kufuta nyayo.

Wakati huu huwa nakumbushwa Ulaya. "Mbona Wazungu wanafanya? Kule ni burudani ya wastaafu, Jumamosi na mashine zao mashambani." Wanafanya, ndiyo. Mwaka 1992, katika kijiji cha Hoxne, Uingereza, mzee mmoja alipita shambani na mashine kutafuta nyundo ya rafiki yake iliyopotea. Akakuta dhahabu na fedha ya Warumi, sarafu zaidi ya 14,000. Alichimbua kidogo, kisha akaacha, akatoa taarifa, na wataalamu wakaja kesho yake. Kwa kuwa aliacha, iliwezekana kujua kwamba vilipangwa ndani ya sanduku la mbao, na ndani yake visanduku vidogo. Alilipwa kwa sheria. Na ile nyundo, jamani, nayo ilipatikana, na imo katika makumbusho ya London! Sisi tumeiga mashine tukaacha kule kuacha. Wala hatuhitaji kwenda mbali: Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, wachimbaji wa elimu kale walipata sarafu za fedha zaidi ya 2,000 mahali pamoja, na kwa sababu zilitolewa kwa utaratibu, tukajua watawala wa pwani hii walikuwa wakifua fedha yenye majina yao miaka elfu moja iliyopita. Hebu fikiria zingeangukia mikononi mwa watu wa pikipiki. Zingeyeyushwa zikawa hereni.

Serikali nayo siiachi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba kutafuta mabaki ya kale bila leseni. Hapo ni pazuri. Lakini inapoeleza kitu cha kale ni kipi, mstari wake umepigwa kwenye mwaka 1863. Sarafu iliyotengenezwa kabla ya hapo inalindwa yenyewe. Ya baadaye haina mwenyewe mpaka itangazwe. Kwa hesabu hiyo hela ya bibi, ambayo ni ya mwaka 1910, ilichelewa kuzaliwa miaka 47. Maji Maji imechelewa. Vita yote ya 1914 hadi 1918, pamoja na kila mpagazi na kibuyu chake, imechelewa. Mstari ule uvutwe mbele. Siyo kazi ya miaka kumi hiyo, ni kazi ya kikao kimoja.

Ila sheria haitapanda Matombo usiku wa manane, hilo najua. Watakaozuia ni wenye ardhi, na hapa ndipo panaponiuma. Mwaka 1955 babu na bibi zetu waligoma kuchimba matuta ya Mwingereza kwenye miteremko hii hii. Walisema yanapindua udongo mbaya kuuleta juu na yanatesa watu bure. Matombo kukawa na ghasia, risasi zikapigwa, mtu akafa, na mpango ukatupwa. Walikataa jembe la serikali nzima yenye bunduki. Leo sisi wajukuu wao tunachimba wenyewe, bila kiboko, kwa kuambiwa na mtu mwenye begi! Na mashimo tunayaacha wazi kwenye mteremko ambao mvua ya masika haihitaji kuombwa mara mbili.

Na kaburi kwetu si la kulilia tu. Asiye Mluguru huenda hajui: ukoo unajua mpaka wa ardhi yake kwa mahali walipolala wazee wake. Hati ya karatasi wengi hatuna. Siku watu wa ukoo mwingine wakituuliza shamba lile lilikuwa la nani, tutawaonyesha kaburi chini ya mwembe. Sasa tutawaonyesha shimo.

Asubuhi ile bibi yangu alituita. Anakaribia miaka tisini, haoni vizuri, lakini alikuwa amesikia majembe. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mmepata nini?" Mjomba akainama kama mtoto. Wale wageni walikuwa wameondoka, jembe wameliacha, na hela wamenitupia mimi. "Chukua, mdogo wangu, ya soda." Nikaiweka kwenye kiganja cha bibi. Akaipapasa, akapitisha kidole penye tundu.

"Hii ya kiunoni," akasema. "Mama alivalishwa na baba yake akiwa mtoto, kwa kamba. Alikataa kuivua mpaka anakufa. Mimi ndiye niliyemfunga nayo."

Akataka irudishwe siku ile ile. Mjomba akasema kaburi halifunguliwi mara mbili bila tambiko, na tambiko linataka wakubwa wa ukoo wote, na wakubwa wakija watauliza. Basi akasema tungoje. Mvua zikaanza, udongo ukadidimia, mwembe ukaegemea upande wa bonde. Hela iko kwangu, ndani ya kiberiti, hapa ninapoandikia.

Juzi mjomba amenipigia simu. Wale jamaa wamepata mashine mpya, inafika chini zaidi. Wanataka kwenda upande wa Tegetero, na ameniuliza kama ile tochi bado ninayo.