Saladi si pambo la sahani, jamani

Kimya changu ni mitihani tu, mzima kabisa. Leo natoa dukuduku kuhusu ndugu zetu tunaosoma nao huku Uswidi. Kila tukikutana wimbo ni uleule: eti Waswidi wanakula majani kama mbuzi. Mimi nakataa.

Tuanze na hela. Mchana migahawa mingi ina dagens lunch, yaani chakula cha siku. Bei ni moja, na mara nyingi humohumo kuna saladi ya kujipakulia, mkate na kahawa. Sasa mtu boom lenyewe la kuhesabu, analipa bei yote halafu anaipita meza ya saladi kama hajaiona. Saa kumi analia njaa. Zile karoti za kukwaruza na maharage umeshalipia bwana!

Halafu nani kasema ni majani tu? Köttbullar, vile vinyama vya mviringo, huliwa na pressgurka: matango membamba yaliyokandamizwa, yakalowekwa kwenye siki na sukari. Krismasi kuna bitiruti na mayonezi. Na ile västkustsallad ya pwani ya magharibi ina kamba, kome, uyoga na njegere... mtu wa Tanga ataikataa hiyo?

Ila inayonikosha ni pizzasallad. Ni kabichi iliyokatwa nyembamba, siki, mafuta na pilipili manga, unapewa bure ukinunua piza. Ukienda Italia ukaiomba watakushangaa, maana hawaijui. Asili yake ni saladi ya kabichi ya Yugoslavia, na huku ilienea miaka ya 1970 kupitia wahamiaji wenye vibanda vya piza. Ukiionja utasema kachumbari ya kabichi iliyokosa ndimu. Leo Mswidi akipewa piza bila hiyo kabichi anauliza iko wapi.

Ndiyo maana nawashangaa wenzangu wanaopika wamejifungia, wakiogopa majirani wa korido watasema nini kuhusu harufu ya chakula chetu. Wayugoslavia wangeficha kabichi yao, Waswidi wangeijulia wapi? Na anayeficha chake huku anacheka cha mwenyeji, huyo sijui anataka kula na nani.

Ijumaa ni zamu yangu ya kupika korido. Kutakuwa na pilau na kachumbari ya nyanya, vitunguu na pilipili ya kutosha. Mlango wazi, njooni na bakuli zenu.