Manukato Hayakuletwa na Majahazi Peke Yake

Sisi washairi wa pwani tumezoea kujigamba kwamba harufu nzuri ni mali yetu. Twataja asumini, mkarafuu na mlangilangi kana kwamba viliota kwa dua za mababu zetu. Ukweli ni kuwa asumini asili yake ni Asia ya Kusini, mkarafuu ulitoka visiwa vya Maluku, na mlangilangi nao ni mgeni wa mashariki ya mbali. Mwenyeji hasa ni mkilua, mmea wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Bernard Verdcourt alipouainisha mwaka 1970, jenasi yake aliiita kwa jina hilohilo la Kiswahili: Mkilua.

Je, heshima hiyo iishie ufukweni? Katika nchi za Maziwa Makuu, zilimo Ngara na Biharamulo, kuna mmea wa ukoo mmoja na mrehani ambao Warundi na Wanyarwanda huuita umuravumba. Wataalamu huuita Tetradenia riparia. Majani yake hunukia mara yanapofikichwa. Huchanua wakati wa kiangazi, maua meupe au ya zambarau hafifu. Huko Rwanda ni dawa ya kikohozi na homa, na majani makavu huchanganywa na maharage ghalani ili wadudu wasiyabungue.

Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Vichaka vilivyozunguka kambi viliishia mafigani. Hatuwalaumu, chungu hakiivi kwa huruma. Ninaowalaumu ni wale ambao hata leo, ukiwatajia kupanda, hujibu kuni, mbao na nguzo tu, wakanyoosha kidole kwenye mkalitusi uliotoka Australia.

Wapo wasemao kwamba ua safi ni ua mtupu, na kwamba kichaka ni maficho ya nyoka. Hao hao huzungushia nyumba lantana, mgeni wa Amerika ambaye akitoroka huziba malisho! Umuravumba hauombi makubwa: kipande cha tawi kichomekwe ardhini mvua zinapoanza, mahali penye jua na pasipotuama maji, kisha ukatwe matawi baada ya maua. Ukitunzwa hivyo hauwi pori.

Wapo pia watakaouliza, shairi na upanzi vina uhusiano gani? Vinao, tena wa damu. Mkilua una jina kwa sababu ulipewa nafasi kwenye ua wa nyumba na kwenye nywele za wanawake. Mmea usiopandwa hautajwi, na usiotajwa hufyekwa bila mtu kuulilia. Basi mfasiri atakayekutana na umuravumba asiandike “kichaka” akapita. Auite kwa jina lake. Na wenye nyumba wa Ngara na Biharamulo waupande mlangoni, kabla jina halijabaki bila mwenyewe.