D4 siyo kimeo, fungua menifodi kwanza

Kuna maneno manne yanayoweza kukutia umaskini ukiwa umesimama chini ya mwembe wa gereji: "Hii injini imekufa, bosi." Yakishatamkwa, mjadala umekwisha. Hakuna kipimo kilichopimwa, hakuna kitu kilichofunguliwa ukaonyeshwa. Fundi anafuta mikono kwa tambara, anatikisa kichwa kama daktari aliyetoka chumba cha upasuaji, kisha anakutajia bei ya injini nyingine. Na wewe uliyesoma mpaka chuo kikuu, wewe unayebishana na kondakta kwa ajili ya shilingi mia, unaitikia: "Sawa, fundi."

Sawa ya nini?

Leo nagombana na hukumu hiyo, hasa inapotolewa kwa gari lenye maandishi ya D-4 juu ya injini. Mjini hapa D4 imeshapewa sifa ya mchawi wa kijiji. Gari likikohoa, D4. Likikosa sailensi, D4. Ukitaka kuliuza, mnunuzi akiona yale maandishi anaanza kurudi kinyumenyume. "D4 ni kimeo," anasema, na ukimuuliza kimeo kwa vipi, hana jibu. Kaambiwa. Aliyemwambia naye kaambiwa.

Sasa tuulizane, D4 ni nini hasa?

Toyota walianza kuuza injini hizi Japani mwaka 1996, ile ya lita mbili iitwayo 3S-FSE. Baada yake ikaja 1AZ-FSE, ambayo wengi wenu mnaijua kwenye Premio, Allion na Opa zinazotufikia zikiwa zimeshatumika. Mitsubishi nao walitoa yao, GDI, mwaka huo huo wa 1996. Na wazo lenyewe ni la zamani zaidi: Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 ilikuwa tayari inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa hiyo anayesema ni teknolojia mpya isiyoeleweka, mwambie ina umri wa babu yake.

Tofauti ni moja tu. Kwenye injini ya kawaida, nozeli inapuliza petroli kwenye njia ya hewa, nyuma ya valvu, kwa presha ya bar tatu hivi. Petroli na hewa vinaingia silinda pamoja. Kwenye D-4 nozeli iko ndani ya silinda yenyewe, na presha inaweza kuvuka bar 100. Njia ya hewa inapitisha hewa peke yake.

Hapo ndipo shida inapozaliwa, na siyo uchawi. Petroli ni sabuni. Kwenye injini ya kawaida kila mpulizo unaosha mgongo wa valvu. Kwenye D-4 hakuna wa kuosha. Wakati huo huo mvuke wa oili unaotoka tumboni mwa injini unarudishwa kwenye njia ya hewa ukachomwe, na sehemu ya moshi wa ekzosi nayo inarudishwa kupitia valvu iitwayo EGR. Oili inanata, masizi yanaganda juu yake. Fanya hivyo kwa kilomita laki moja na zaidi, nusu yake barabara za Japani na nusu yake foleni ya Mwenge, kisha fungua uone. Njia inayotakiwa kupitisha ngumi ya mtoto inapitisha kidole.

Sehemu inayobeba uchafu huo inaitwa menifodi ya hewa. Ni yale mabomba yaliyoungana kama vidole vya mkono, yanayopokea hewa kutoka kwenye throtoli na kuigawa kwa kila silinda. Kwenye hizi D-4 kuna pia vifuniko vidogo vya kuizungusha hewa injini ikiwa kwenye mwendo mdogo. Uchafu ukizidi, navyo vinaganda. Matokeo yake gari linatetemeka kwenye taa nyekundu, linazima ukikanyaga breki, linagoma asubuhi, linakunywa mafuta, mlimani linapitwa na bajaji.

Hiyo ndiyo "injini imekufa." Injini haijafa, jamani. Imezibwa pua!

Najua mtakachosema: D4 haiwezi mafuta ya Bongo. Hoja hiyo ina ukweli upande mmoja. Pampu ya presha kubwa na nozeli zake kweli hazipendi mafuta machafu, na sote tunakumbuka enzi za kuchakachua petroli kwa mafuta ya taa, mpaka EWURA ilipoanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Lakini uchafu wa kwenye menifodi haujawahi kukutana na petroli! Petroli ya D-4 haipiti huko. Basi unaposingizia mafuta kwa uchafu wa mahali ambapo mafuta hayafiki, unafanya nini kama siyo kubahatisha?

Na kwa sababu hiyo hiyo, zile chupa za dawa ya kusafisha injini mnazomimina kwenye tanki haziwezi kugusa mgongo wa valvu ya D-4. Zinaweza kusaidia nozeli. Valvu hazitazisikia hata harufu. Ukinunua kwa nia ya kusafisha njia ya hewa, umemnywesha mgonjwa dawa ya macho.

Kama unadhani nawatetea Wajapani, sikiliza hili. Mwaka 2005 Toyota wenyewe walitoa mfumo waliouita D-4S, kwenye injini ya 2GR-FSE, wenye nozeli za aina mbili: moja ndani ya silinda na nyingine kwenye njia ya hewa kama zamani. Moja ya faida zake ni kwamba petroli inarudi kuosha valvu. Kwa hiyo udhaifu upo, ni wa kweli, na unajulikana duniani. BMW zenye tatizo kama hili husafishwa kwa kupuliziwa maganda ya jozi yaliyosagwa. Wenzetu wanasafisha. Sisi tunang'oa injini nzima tunaitupa.

Tunaitupa? Hapo nina swali la kiandishi wa habari: injini yako ya zamani inakwenda wapi? Ndugu yangu mmoja aliambiwa na gereji fulani kuwa injini ya gari lake imekwisha. Alipowaomba wampime kompresheni mbele yake walikasirika, wakasema haamini wataalamu. Akalivuta gari mpaka nyumbani. Kompresheni ilikuwa nzima kwenye silinda zote nne. Kilichokuwa kimekufa ni njia ya hewa, na ilifufuka kwa Jumamosi moja na nusu. Injini ile ingebaki gerejini ingesafishwa na nani, na ingeuzwa kwa nani? Najiuliza tu.

Halafu hiyo unayofungiwa nayo imetumika. Hujui ilitembea kiasi gani, hujui ilitoka kwenye gari lililopinduka au lililozama. Nyaya zinakatwa na kuungwa upya kwa selotepu. Namba ya injini iliyoandikwa kwenye kadi ya gari hailingani tena na iliyo kwenye chuma, na siku ya kuuza au ya kusimamishwa barabarani utajua maana yake. Yote hayo kwa kukwepa boliti chache na gasketi moja.

Sasa nasema jambo litakalowaudhi wengine: kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe, uani kwako. Usipotaka kuchafuka, basi ijue kiasi cha kumsimamia anayeifanya.

Injini iwe baridi kabisa. Toa waya hasi wa betri. Piga picha kwa simu kila hatua, na kila mpira wa hewa na soketi ya umeme uvike kipande cha selotepu chenye namba, kwa sababu mpira mmoja ukisahaulika gari litapiga mluzi na kukosa sailensi, kisha utasema D4 ni kimeo. Bomba la petroli la presha kubwa usilifungue. Petroli ya presha ile inapenya ngozi, na cheche moja tu ni msiba. Ukiona kazi haiendi bila kuligusa, hapo ita fundi anayejua, na siyo aibu. Ukishang'oa menifodi, ziba matundu yote ya kichwa cha injini kwa vitambaa safi mara moja. Nati moja ikidumbukia silinda, ndipo utakapokuwa na injini iliyokufa kweli.

Menifodi yenyewe iloweke kwenye dizeli usiku kucha au tumia kemikali ya kusafishia kabureta, sugua kwa brashi. Kama ni ya aluminiamu usithubutu kutumia kostiki soda, inaila. Msasa sitaki kuusikia, maana punje zake zikibaki humo zinakwenda kukwangua silinda. Valvu safisha moja baada ya nyingine, ya silinda husika ikiwa imefungwa, uchafu usimwagikie ndani. Kurudisha, weka gasketi mpya, usiipake gundi ile ya zamani kwa ubahili. Kaza boliti kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, kwa zamu na kwa kipimo cha mtengenezaji. Basi.

Na ninyi wa "kunoa" magari, msidhani nimewasahau. Menifodi ikishakuwa mezani, mkono unawasha. Kuna anayetaka kuyakata mabomba yawe mafupi, kwa sababu kaona magari ya mashindano yana mafupi. Mabomba marefu yanatoa nguvu kwenye mzunguko mdogo wa injini, mafupi yanatoa nguvu kwenye mzunguko mkubwa. Wewe unayetoka Mbagala kwenda Posta kwa gia ya kwanza na ya pili, mzunguko mkubwa utaupatia wapi? Umejinyang'anya nguvu unayoihitaji, ukajipa usiyoitumia.

Kuna anayeziba EGR kwa kipande cha bati. Hili ndilo linalonichoma zaidi. EGR inapunguza joto la uchomaji ili injini isimwage oksaidi za naitrojeni hewani. Ukiiziba, menifodi itabaki safi kidogo, taa ya cheki injini inaweza kuwaka, na sumu iliyokuwa ipungue itamfuata mama anayeuza vitumbua kituoni. Yeye hana gari, ila mapafu anayo. Usafi wa menifodi yako usilipiwe na kifua chake. Isafishe EGR, usiizibe.

Yapo mabadiliko ninayoyaunga mkono kwa mikono miwili. La kwanza ni kulainisha midomo ya menifodi ilingane na matundu ya gasketi, pale kiwanda kilipoacha kingo, kazi ifanywe menifodi ikiwa nje na ioshwe vizuri kabla ya kurudi. La pili, na kubwa kuliko yote, ni kufunga chupa ya kunasa oili katikati ya mpira ule unaorudisha mvuke. Mvuke unaingia chupani, oili inabaki chini, hewa inaendelea na safari yake. Mfumo unabaki umefungwa, hakuna kinachomwagwa hewani. Unaimwaga chupa kila unapobadilisha oili, na ukiona kilichomo hutahitaji tena kuambiwa na mtu kwa nini menifodi huziba.

Nitaambiwa nataka kuwanyima mafundi ugali. Hapana. Wengi wao walijifunzia kwenye magari ya kabureta, vitabu vya magari haya vilikuja kwa Kijapani kama vilikuja kabisa, na hakuna aliyewarudisha darasani. Fundi anayefungua, anayepima, anayekuonyesha uchafu kwa kidole na kukusafishia, mlipe vizuri na mpeleke kwa rafiki zako. Ninayemkataa ni fundi maiko anayetoa hukumu ya kifo bila kumgusa mgonjwa. Huyo anaishi kwa ujinga wetu, na ujinga huo tunampa bure.

Najua pia kuna injini zinazokufa kweli. Kompresheni ikiwa imekwisha, bloku ikiwa imepasuka, vyuma vikigonga ndani kama mlango wa kaunta, zika, nunua nyingine. Lakini upewe kipimo, na ukione kwa macho yako. Kupima kompresheni ni kazi ya muda wa chai na maandazi.

Kwa hiyo ndugu msomaji, siku utakapoambiwa yale maneno manne, usilie na usitoe pochi. Sema hivi: "Pima kompresheni nione. Kisha fungua menifodi nione." Akikataa, washa kama linawaka, livute kama haliwaki, ondoka.

Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, ila aje na kipimo mkononi.