Samaki Wavumilivu kwa Tangi Dogo la Kioo



Mwaka jana, katika mwezi wa sita, mvulana mmoja wa darasa langu alileta shuleni chupa ya kioo yenye samaki wawili wazuri wenye mikia myekundu. Alikuwa amewanunua kwa akiba yake ya miezi mitatu. Siku ya tatu wote wawili walielea, wamekufa. Mtoto akaniuliza, huku akizuia machozi: “Mwalimu, nimekosa nini? Nimewapa chakula kila saa.” Swali lile lastahili jibu kamili, nami nalitoa leo kwa ajili yake na kwa wote watakao kufuga samaki nyumbani.

Neno la kwanza ni hili: tazama maji yako kabla ya kumchagua samaki. Wengi hufanya kinyume. Hupenda rangi kwanza, kisha humlazimisha mnyama kuishi mahali pasipomfaa.

Mji wetu wa Lubumbashi uko juu, karibu meta 1,200 kutoka usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai baridi hushuka hata chini ya nyuzi 10. Tena umeme hukatika, na hapo pampu ya hewa na chombo cha kupasha maji joto hunyamaza. Basi kwetu samaki mvumilivu ni yule awezaye kuupita usiku kama huo bila kufa.

Kwa anayeanza, namtaja kwanza gapi. Kwao ni Trinidad na kaskazini ya Amerika ya Kusini. Mwaka 1866 alipewa jina la Bwana Lechmere Guppy, aliyempeleka kutoka Trinidad hadi London. Dume ana urefu wa sentimeta 3 hivi, na jike huzaa watoto walio hai karibu kila mwezi. Hupenda maji ya nyuzi 22 hadi 26, kwa hiyo wakati wa baridi tangi lake liwe katika chumba cha ndani, na usiku lifunikwe blanketi pande zote, juu pakiachwa nafasi ya hewa.

Wa pili ni wa kwetu, naye huishi katika vijito na mabwawa ya Katanga na ya nchi za kusini. Wataalamu humwita Pseudocrenilabrus philander. Baridi haimtishi sana. Jike huyaweka mayai yake kinywani, akiyalinda humo hata watoto waweze kuogelea. Watoto wa nyumbani wataona jambo hili kwa macho yao wenyewe. Lakini dume ni mgomvi: awe mmoja tu, pamoja na majike wawili au watatu, na mawe ya kujifichia.

Wengine waacheni kwanza. Tilapia na kambale ni wema kwa bwawa na kwa sufuria, lakini hukua upesi, na kambale huwameza wenzake. Samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika wamezoea maji yenye chumvi nyingi za mawe na yasiyobadilika joto. Na wale Nothobranchius wa madimbwi yetu, ambao mayai yao hungoja mvua ndani ya udongo mkavu, hawamalizi mwaka mmoja. Hao ni kazi ya fundi.

Sasa maji. Msiyateke katika mto Lubumbashi, uliopita miaka mingi karibu na kiwanda cha kuyeyushia shaba kilichoanza kazi mwaka 1911. Shaba ni utajiri wetu, lakini hata kidogo sana ni sumu kwa samaki. Kwa hiyo chombo cha shaba pia hakifai. Maji ya bomba yaachwe wazi katika ndoo siku moja au mbili, ili dawa ya klorini ipungue. Tangi liwe pana, la lita 40 au zaidi, juu ya meza imara, maana lita 40 ni uzito wa kilo 40.

Na yule mtoto alikosa nini? Alikosa kwa wema. Chakula kisicholiwa huoza, na uchafu wa samaki hutoa sumu iitwayo amonia. Wako vijidudu wadogo sana wanaoigeuza sumu hiyo, lakini huhitaji majuma 4 hadi 6 ili waongezeke katika tangi jipya. Basi anza na samaki wawili au watatu tu, katika tangi pana. Wape mara moja kwa siku kiasi wanachomaliza kwa dakika mbili, na kila juma badilisha sehemu ya tano ya maji, si yote. Samaki wakizidi, mpe jirani. Usiwatupe mtoni, wasije wakaharibu makao ya samaki wetu.

Mvulana wangu aliposikia hayo hakununua wengine mara moja. Alingoja hata Septemba, joto liliporudi, akaanza na gapi watatu. Juzi alinijia mbio kabla ya kengele, akaniambia: “Mwalimu, nimehesabu watoto kumi na mmoja!” Subira huvuta heri.