Mwenye Mali Aulizwe

Imeenea katika Nyanda za Juu Kusini, tangu Mafinga na Iringa hata Tukuyu na Mbeya, itikadi ambayo wasomi na wasio wasomi huisema kwa yakini moja, ya kwamba mwananchi hafai kuulizwa habari za kodi, kwa sababu akiulizwa hatakuwa na jawabu illa kutaka arudishiwe fedha yake. Itikadi hii naipinga, wala siipingi kwa upole, kwani ni kuwasingizia watu ambao matendo yao yenyewe yanashuhudia kinyume chake.

Na tulitazame jambo lenyewe. Kila Julai mosi halmashauri huanza mwaka wa fedha kwa makisio yaliyopitishwa na baraza la madiwani, ambamo ushuru wa mazao, wa masoko na wa stendi, na leseni za biashara, vyote vimeandikwa pamoja na matumizi yake. Mvua ikiwa njema, nyanya za Ilula zikajaa malorini, viazi vya Uporoto vikapata wanunuzi na mpunga wa Usangu ukapanda bei, makusanyo huvuka lengo na watendaji husifiwa. Lakini shilingi ile iliyozidi, ambayo haikuwamo katika makisio wala diwani hakuijadili na watu wa kata yake, ni ya nani? Jawabu la mazoea ni kwamba ni ya halmashauri, madhali ndiyo iliyoikusanya. Mimi nasema kukusanya si kumiliki. Mchungaji hawi mwenye ng'ombe kwa kuwa ndama wamezaliwa wengi mwaka ule.

Wako waliokwisha kuipima itikadi hii kwa vitendo. Katika jimbo la Colorado, huko Marekani, katiba ya jimbo tangu mwaka 1992 inakataza serikali ya jimbo na ya miji kubaki na mapato yaliyozidi kiwango kilichowekwa, illa wapiga kura waridhie. Lau kama raia ni bahili kwa tabia yake, kura zote zingekuwa za kukataa. Ilhali mwaka 2012 watu wa Denver waliuidhinisha mji wao ubaki na ziada, na mwaka 2015 jimbo zima, lilipoulizwa juu ya dola milioni 66 za kodi ya bangi, lilikubali kwa wingi mkubwa zibaki kwa ujenzi wa shule na kazi nyingine. Mwaka 2019 wakaletewa pendekezo la kuiruhusu serikali ya jimbo ibaki na ziada daima, pasipo kuulizwa tena, hilo wakalikataa. Nami katika kura hizo nasoma maana moja: watu hawakuona uchungu wa kutoa, bali waliona uchungu wa kutoulizwa.

Wala hatuhitaji kuvuka bahari kutafuta ushahidi. Ni nani waliochimba misingi ya shule za kata, wakafyatua matofali na kusomba mawe kwa vichwa vyao, hata wakayafikisha maboma usawa wa lenta, kisha wakakaa kungoja bati la serikali? Ni nani waliochangia shule za sekondari Mufindi katika miaka ya themanini? Ni hawahawa wanaodaiwa kuwa hawaoni mbele ya mifuko yao. Basi kama kuna mahali mwananchi amejifunza kuichukia kodi, ni pale ilipochukuliwa kwa amri tupu. Na sisi twajua, maana mwaka uleule wa 1898 ambao Mkwawa alijitoa roho asishikwe na Wajerumani, kodi yao ya nyumba ilianza kutumika, wala hakuna aliyewauliza waliotozwa.

Watasema kwamba diwani amechaguliwa, basi yatosha. La, haitoshi, wakala hutumwa kwa jambo lililotajwa, na ziada haikutajwa. Watasema kura ina gharama kubwa. Lakini sheria za mwaka 1982, zilizozirudisha serikali za mitaa baada ya kuvunjwa mwaka 1972, zilitupa mkutano mkuu wa kijiji na mikutano ya wakazi wa mitaa, ambayo haidai sanduku wala karatasi, bali mkono ulioinuliwa chini ya mti. Fauka ya hayo, Katiba yetu yatamka kwamba mamlaka yote chanzo chake ni wananchi, na kwamba serikali za mitaa zimewekwa ili madaraka yawafikie. Mwenye madaraka asiyeulizwa habari ya fedha yake ana madaraka gani?

Kwa hiyo nataka jambo moja lililo dhahiri. Kila mwaka, vitabu vikishafungwa Juni 30, na kabla bajeti ya nyongeza haijafika mezani, Jiji la Mbeya na Manispaa ya Iringa zitangaze katika kila mtaa kiasi kilichozidi, zitaje kazi mbili au tatu zinazokusudiwa, kisha ziwaulize wakazi: tubaki nayo kwa kazi hii, au ushuru wa mwakani upunguzwe? Muuza ndizi wa Mwanjelwa, ambaye ushuru wake hudaiwa kabla hajauza hata chane moja, anajua thamani ya shilingi ile kuliko mtu yeyote aliyepata kuihesabu, na jawabu lake linastahili kusikilizwa.