Zimwi Lililojua Kusoma

Wengi wetu hapa Nakuru tulimjua Frankenstein kwa sura kabla ya kumjua kwa maneno, yaani lile jitu la filamu ya 1931, lenye paji pana na vyuma shingoni, likijikokota na kunguruma. Na aghalabu hata jina tumelipachika pasipo pake, kwa kuwa Frankenstein ni muumbaji, ilhali kiumbe chake hakikupewa jina lolote. Basi mtu aifunguapo riwaya yenyewe mara ya kwanza hustaajabu kuona kwamba zimwi husema, tena kwa ufasaha unaompita bwana wake, na kwamba limemsoma mshairi Milton.

Mwandishi wake, Mary Shelley, aliianza mwaka wa 1816, umri wake miaka 18, kando ya ziwa la Geneva, katika kiangazi kilichokosa jua kwa kuwa mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka mwaka uliotangulia na vumbi lake likatanda angani. Nasi tukaao chini ya kasoko ya Menengai, ambayo mpaka leo hutoa mvuke, habari hiyo si ngeni kwetu. Menengai nayo ina hadithi zake, za pepo na za watu waliopotea njia mchana kweupe, wala sizidharau. Lakini hofu yake hutoka porini, na hofu ya Shelley hutoka nyumbani.

Kiumbe kile, kikijificha bandani ubavuni mwa nyumba ya mafukara, huchungulia katika ufa wa mbao na kujifunza maneno: moto, maziwa, mkate, kuni. Usiku huwatafutia kuni kwa siri. Kipatapo ujasiri wa kubisha hodi, mzee kipofu hukikaribisha kwa hisani, maana hakioni. Mwanawe arudipo, hukicharaza fimbo. Tone la damu halimwagiki hapo, nami sikuona pa kutisha zaidi.

Wanaowakataza vijana kitabu hiki kwa dhana ya uchawi hawajakisoma. Victor Frankenstein, aliyetaabika takriban miaka miwili akiunganisha viungo vya maiti, alikitoroka kiumbe chake usiku uleule kilipofumbua macho, na dhambi ya namna hiyo haihitaji maabara: wapo watoto walalao katika varanda za maduka yetu, tunaowaita chokoraa tusije tukaulizana ni wana wa nani.

Barua za nahodha Walton za mwanzoni ni ndefu na zinachosha, lakini msomaji avumilie. Katika chapa ya 1831 kiumbe huanza kusimulia maisha yake sura ya 11.