Mkataba Uliokwisha Usigeuzwe Mrija

Mwalimu anahamishwa kutoka wilaya moja kwenda nyingine. Kabla ya kufunga mizigo anafika katika ofisi ya kampuni ya simu, analipa deni lake lote, anarudisha kifaa cha intaneti alichokodishwa, na anaomba huduma isitishwe. Karani anamhakikishia kuwa jambo limekwisha. Mwezi unaofuata, akiwa katika kituo chake kipya, anapokea ankara. Analalamika, anaombwa radhi. Mwezi wa pili anapokea ankara nyingine, safari hii pamoja na faini ya kuchelewa kulipa. Mwezi wa tatu anatishiwa kukabidhiwa kwa wakusanya madeni. Na huyo ndiye anayetakiwa kusimama mbele ya watoto kila asubuhi awafundishe kwamba ahadi ni deni!

Lazima ieleweke waziwazi kwamba kudai malipo ya huduma isiyotolewa si kosa la hesabu. Kosa la hesabu husahihishwa siku linapogunduliwa. Dai linalorudiwa mwezi hata mwezi, mteja akiwa amekwisha kulalamika, ni unyonyaji. Nchi hii ilipotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 ilikata shauri kwamba mtu asiishi kwa jasho la mwenzake. Mrija haugeuki kuwa halali kwa sababu tu umepitishwa katika waya wa simu.

Enzi za Shirika la Posta na Simu, lililogawanywa kwa sheria ya mwaka 1993, mwananchi aliweza kusubiri miaka kabla ya kufungiwa simu nyumbani. Leo huipata kwa dakika chache, na mawakala humfuata hata sokoni. Hayo ni maendeleo, wala hapana anayeyabeza. Lakini maendeleo gani haya ambayo mlango wa kuingilia una watu kumi wa kukaribisha, na mlango wa kutokea hauna hata mmoja wa kuufungua?

Wenye kampuni hupenda kuisingizia kompyuta. Kisingizio hicho hakina miguu. Mwezi Januari mwaka 2020, muda wa kusajili laini kwa alama za vidole ulipokwisha, kampuni zilianza kuzima laini zisizosajiliwa, nazo zilizimika. Mitambo inayoweza kumtambua na kumkatia mawasiliano asiyesajiliwa haiwezi kushindwa kusimamisha ankara ya mtu mmoja aliyeaga kwa hiari yake. Kinachokosekana si uwezo, ni nia.

Wako pia wanaosema kuwa fedha zenyewe ni kidogo, hivyo haifai kuzipigia kelele. Hesabu ya darasa la nne yatosha kuwajibu. Ikiwa watu laki moja watakatwa shilingi 100 kila siku kwa huduma ya ujumbe mfupi waliyokwisha kuikataa, basi kila jua linapotua shilingi milioni 10 zimehamia katika mfuko usiozistahili. Haba na haba hujaza kibaba. Swali ni kibaba cha nani.

Sheria ipo. Mamlaka ya Mawasiliano iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003, pamoja na Baraza la kuwasemea watumiaji wa huduma hizo. Mwenye malalamiko huanza kwa kampuni yenyewe. Asiporidhika hupeleka shauri kwa Mamlaka, na uamuzi wa Mamlaka waweza kukatiwa rufaa katika Baraza la Ushindani. Lakini sheria haimtetei anayenung'unika barazani. Yafaa kila mtumishi aombe kusitishiwa huduma kwa barua, abaki na nakala iliyogongwa muhuri na kuandikwa tarehe, atunze stakabadhi ya kifaa alichorudisha, wala asikubali kulipa asichodaiwa kwa haki eti apate amani. Anayelipa dai la uongo humfundisha mdai kudai tena.

Hata hivyo, wasomaji walio katika ofisi za umma wasikimbilie kucheka. Karani wa kampuni anayesema "njoo kesho" hakuvumbua maneno hayo. Mstaafu anayezungushwa miezi kwa ajili ya mafao, na mwalimu ambaye faili lake la kupandishwa daraja halionekani, wameyasikia mara nyingi kutoka kwa watumishi wenzao. Mwongozo wa mwaka 1971 ulikemea kiburi cha viongozi kwa wananchi, na kiburi cha mezani hakibadiliki kwa kuvaa sare ya kampuni.

Kwa hiyo kampuni hizo hazina budi kuweka utaratibu mmoja ulio wazi: siku mteja anaposema basi, hesabu ifungwe siku hiyo hiyo na apewe hati ya kuthibitisha. Iliyotoza isivyo haki irudishe fedha bila kungoja kusukumwa. Na Mamlaka isisubiri mlalamikaji mmoja mmoja afike mlangoni. Iingie yenyewe ikague vitabu. Mwananchi aliyemaliza kulipa deni lake ana haki ya kulala usingizi.